Unyonge wa Vipanga

Atokaye mjini Dodoma kwa barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha hafiki mbali kabla hajaliona eneo la Msalato, nchi ya tambarare yenye majabali yaliyochomoza hapa na pale kama migongo ya ng'ombe waliolala, nchi ya mvua chache zianzazo Desemba na kukoma Aprili, na baada yake vumbi na upepo mpaka mwaka ukaribie kwisha. Hapo ipo sekondari ya wasichana ambayo jina lake limechanganyika na jina la mahali hata mtu akisema mwanawe kachaguliwa Msalato hapana aulizaye zaidi, kwa kuwa yajulikana kwamba ni miongoni mwa shule saba ambazo Serikali imezitenga kwa wanafunzi wenye vipaji maalumu, nazo ni Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora ya wavulana, Tabora ya wasichana, Kilakala na Msalato yenyewe. Kila mwaka unapoanza, mabinti wa miaka kumi na mitatu na kumi na minne hushuka hapo na tranka, godoro na ndoo, kila mmoja akiwa ameagwa kwao kwa vigelegele, kwa maana katika shule aliyotoka yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, na kama hakuwa wa kwanza basi alikuwa wa pili kwa tofauti ya alama mbili tatu.

Tumtwae mmoja wao, tusimpe jina, maana hayupo ila katika fikira zetu, ingawa kila mwalimu aliyepata kufundisha shule ya namna hii atamtambua. Ametoka kijiji cha upande wa Mpwapwa. Kwa miaka saba hapana aliyemshinda katika hesabu. Mwalimu mkuu alimtaja mbele ya wazazi. Mjomba wake alichinja mbuzi. Mwezi wa Juni, baada ya mtihani wa nusu mwaka, karatasi inabandikwa ukutani, majina arobaini kutoka juu hadi chini, na wenzake wanasukumana kuitazama. Yeye analitafuta jina lake kuanzia juu, kwa kuwa mazoea ndivyo yalivyomfundisha. Kidole kinapita jina la kumi, la ishirini, la thelathini, kisha kinakwenda kusimama kwenye la thelathini na nane. Halii. Anakwenda bwenini, anaketi juu ya tranka lake, anafungua daftari, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anapitisha macho juu ya maandishi asiweze kuelewa anachokisoma, kwa sababu nafsi imeshughulika na swali jingine: je, wale wa nyumbani walidanganyika?

Swali hilo ndilo muradi wa makala haya. Wengi huliona kuwa ni deko la mtoto aliyezoea kusifiwa, wengine huliona kuwa ni ugonjwa wa moyo wa kutibiwa kwa maneno matamu, na mimi sikubaliani na upande wowote kati ya pande hizo mbili; nadhani, na nitajaribu kuonyesha, kwamba hisia ya uduni katika mwanafunzi hodari aghalabu ni matokeo ya mizani aliyopimiwa kuliko kuwa kasoro ya huyo aliyepimwa, na kwamba asiyeitazama mizani atampa mtoto nasaha mchana kutwa asimfae kitu.

Kwanza tupambanue maneno, kwa kuwa lugha yetu haikutunyima. Unyenyekevu ni hali ya mtu anayejua kadiri yake akachagua kutojitanguliza, na katika maadili yetu, ya pwani na ya bara, ni sifa njema. Unyonge ni kukosa nguvu au msaada, na humpata yeyote. Uduni ni kuwa na thamani ndogo, na kujidunisha ni kuipunguza thamani hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Mnyenyekevu akiulizwa swali analolijua hujibu kwa sauti ya chini. Mwenye kujidunisha hanyoshi mkono kabisa, kisha husikia mwenzake akitoa jibu lile lile lililokuwa moyoni mwake, na badala ya kufarijika kwamba alijua, huhesabu kuwa ni ushahidi mwingine wa udhaifu wake. Kwa mtazamaji hawa wawili wanafanana. Wote wamekaa kimya, wote wana adabu, na mwalimu mwenye haraka huwaandikia wote wawili katika ripoti kwamba tabia yao ni nzuri.

Wanafunzi wenyewe wana msamiati wao. Mwenye akili nyingi humwita kipanga, kwa jina la yule ndege mwindaji azungukaye juu akiona kila kitu, na asiyeweza masomo humwita kilaza. Nimeyasikia maneno hayo miaka mingi na sikupata kuyatafakari mpaka siku nilipogundua kwamba baina yake hapana neno la tatu. Mtu ni kipanga au ni kilaza. Hakuna jina la anayeelewa polepole, wala la anayeweza baiolojia akashindwa fizikia, wala la yule aliyekuwa wa kwanza mahali pamoja akawa wa thelathini mahali pengine. Zaidi ya hayo, kipanga wa kweli, kwa itikadi ya mabweni, hapigi msuli. Msuli ni wa wale waliopungukiwa, naye kipanga husikia mara moja akaelewa. Ndiyo maana katika shule za bweni utawakuta wasichana wanaosoma kwa tochi chini ya blanketi usiku wa manane, kisha asubuhi wakiulizwa huapa kuwa walilala saa nne, kana kwamba juhudi ni aibu inayopaswa kusitiriwa. Mwenzake anayemwamini hujiambia: mimi nimekesha, huyu amelala, naye kanishinda, kwa hiyo mimi ni kilaza. Nyumba nzima ya huzuni imejengwa juu ya uwongo mdogo uliosemwa kwenye foleni ya maji.

Turudi kwenye ile karatasi ya ukutani. Hesabu yake ni ya darasa la tatu, lakini ni ajabu jinsi watu wazima wanavyoisahau. Ukiwakusanya watoto arobaini ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao, ukawapanga, mmoja atabaki wa kwanza na thelathini na tisa watapoteza jina walilokuja nalo, na ishirini kati yao watakuwa nusu ya chini, hata kama wote arobaini wana akili za kuishangaza nchi. Hapana mafunzo wala maombi yawezayo kubadilisha jambo hilo, kwa sababu nafasi haielezi mtu anajua nini. Inaeleza tu ni wangapi waliomtangulia. Tazama tena madaraja yanavyopangwa katika mtihani wa kidato cha nne: alama 75 hadi 100 zote ni A, na kila A huhesabiwa pointi moja, na mwenye A katika masomo saba hupata pointi saba, ambazo wanafunzi huziita wani ya saba. Msichana mwenye 76 na msichana mwenye 96 mbele ya Baraza la Mitihani wamesimama mstari mmoja, ilhali kwenye karatasi ya darasa mmoja anaweza kuwa kileleni na mwingine akawa anashika mkia. Daraja la kwanza huendelea mpaka pointi 17, na katika shule nyingi za nchi hii binti mwenye pointi kumi na mbili atafanyiwa sherehe; katika shule za vipaji nimeona mwenye pointi kumi akilia kwa uchungu kama aliyefiwa.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mmarekani Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba binadamu, akikosa kipimo cha wazi cha uwezo wake, hujipima kwa watu waliomzunguka, na hasa kwa wale wanaokaribiana naye. Herbert Marsh, ambaye kazi yake nyingi aliifanyia Australia, alionyesha mwaka 1984 pamoja na mwenzake Parker kwamba wanafunzi wawili wenye uwezo sawasawa hawajioni sawasawa: aliye katika shule ya wanafunzi wa kawaida hujiona hodari, na aliye katika shule ya wanafunzi waliochujwa hujiona hafifu. Jambo hilo amelifananisha na samaki mkubwa katika kidimbwi kidogo. Mwaka 2003 Marsh na Kit-Tai Hau wakatoa matokeo ya vijana zaidi ya 100,000 wa umri wa miaka kumi na mitano katika nchi 26, na mwelekeo ukawa ni ule ule. Msomaji ataona kwamba Msalato haina laana yoyote ya peke yake. Lile linalompata binti wa Mpwapwa linampata mwenzake wa Hong Kong na wa Berlin. Ni haki pia kuongeza, na Marsh mwenyewe haikani, kwamba shule ya sifa humpa mwanafunzi fahari ya kuwa miongoni mwa waliochaguliwa, na fahari hiyo huinua nafsi kiasi. Ila katika mizani uzito wa mlinganisho umeishinda fahari. Sare humtukuza anapokwenda likizo, na karatasi humshusha anaporudi.

Walakini utafiti wa ng'ambo hauwezi kutueleza yote, kwa maana ipo sababu moja iliyo yetu, nayo ni lugha. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za Serikali zimefundisha kwa Kiswahili, na sekondari zimebaki kufundisha kwa Kiingereza, na baina ya pande hizo mbili mtoto huvushwa kwa kozi ya majuma machache. Binti wetu wa Mpwapwa anajua usanisinuru. Aliusoma kwa Kiswahili, aliuchora mchoro wake, jani, jua, maji na hewa, akapata alama zote. Sasa mwalimu wa baiolojia anatamka neno la Kigiriki lililopitia Uingereza, refu, lenye silabi zisizokaa ulimini, na yule binti anadhani ni elimu mpya ambayo wenzake wamekwisha kuipata yeye hayupo. Jirani yake, aliyesoma shule ya kulipia iliyotumia Kiingereza tangu darasa la kwanza, ananyosha mkono na kujibu kwa ulimi mwepesi, na huenda alichojibu si sahihi kabisa, lakini nani atakayeona? Darasa zima limesikia wepesi, na wepesi wa ulimi umehesabiwa kuwa ni wepesi wa akili.

Hapa ndipo ninapokasirika, na msomaji aniwie radhi. Mtoto akinyamaza kwa sababu hajui jambo, kimya chake ni cha kweli na dawa yake ni kufundishwa. Mtoto akinyamaza kwa sababu anajua jambo lakini halina jina katika lugha anayoruhusiwa kuitumia, basi sisi wakubwa ndio tuliomfunga mdomo, kisha tukampima kwa maneno aliyoshindwa kuyatoa. Katika shule nyingi vimo vibao vinavyoamuru Kiingereza kitumike tangu getini, na anayekosea hutozwa au huchekwa. Sisemi Kiingereza kisifunzwe. Kifunzwe, na kifunzwe vizuri kuliko sasa. Nasema tu kwamba nusu ya unyonge nilioushuhudia katika vidato vya kwanza ulikuwa ni unyonge wa tafsiri, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi, kwa sentensi moja tu, kwamba neno hili ndilo lile usanisinuru alilolijua, huondoa shaka ambayo mnasihi hataiondoa kwa saa nzima.

Umaskini nao upo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka 2022, lakini tranka halikufutwa, wala viatu, wala tofauti kati ya anayetembelewa na wazazi kwa gari na ambaye hatembelewi. Hayo yanaumiza, ila wasichana wa bweni wana namna yao ya kugawana sukari na sabuni ambayo huyapunguza makali. Alama hazigawanyiki.

Sasa tuingie katika jambo lenye siri zaidi, nalo ni la wale walio juu ya karatasi. Ukidhani kwamba aliye wa kwanza yuko salama utakuwa umekosea. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Atlanta huko Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofaulu sana katika masomo na kazi, ambao ndani ya nyoyo zao waliamini kuwa hawakustahili: walipasi kwa bahati, au kwa makosa ya msahihishaji, au kwa kupendwa na mwalimu, na waliishi kwa khofu kwamba siku moja watafichuliwa. Waandishi hao walitaja malezi ya namna mbili yanayozaa hali hiyo. Katika namna ya kwanza, ukoo umekwisha kuamua kwamba mwenye akili ni ndugu mwingine, na binti hata akifaulu vipi hahesabiwi. Katika namna ya pili, ambayo ndiyo yetu hasa, binti ameambiwa tangu utoto kuwa ana kipaji kamili na kwamba kila jambo kwake ni jepesi. Basi siku jambo la kwanza lizito linapotokea, hapati maelezo mengine ila kwamba sifa zote zile zilikuwa ni uwongo. Jina la kipanga ni sifa ya namna hiyo. Humpandisha mtoto mahali pasipo ngazi ya kushukia.

Lakini hapa pana mtego ambao mtafiti mgeni angenaswa nao. Mwanamke wa Kimarekani akisema kwamba amefaulu kwa bahati tu, huenda anafichua imani yake. Binti wa Kitanzania akipongezwa akajibu kwamba ni bahati, ni Mungu tu, ni sala za mama, huenda anatimiza adabu tu. Kwetu si heshima kupokea sifa kwa mikono miwili. Mtoto akijibu kwamba ndiyo, amefaulu kwa kuwa ana akili, bibi yake atageuza uso. Kwa hiyo hatuwezi kulipima jambo hili kwa maneno ya mdomoni, na sitaki mtu yeyote aje kuwafundisha mabinti wetu kujisifu mbele ya watu kwa jina la kutibu uduni. Palipo hatari ni pale ambapo neno la adabu, kwa kurudiwa mno, linashuka kutoka ulimini mpaka moyoni, na binti anapojifungia peke yake na karatasi yake yenye alama tisini bado anasema ni bahati, ilhali hapo hapana mgeni wa kustahiwa.

Mimi mwenyewe nilisoma katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, ambako mwalimu wa darasa alikuwa na desturi ya kusoma majina kwa sauti akianza na wa mwisho, nasi tukisimama mmoja mmoja kadiri tulivyoitwa. Muhula mmoja niliitwa wa tano, na nilijua maana yake. Aliyeitwa mwisho kabisa, yaani wa kwanza, alikuwa ni rafiki yangu, nami nilimwonea kijicho kwa miaka mitatu. Tulipokutana tena tukiwa wazee wenye mvi, akanisimulia kwamba usiku wa kuamkia kusomwa kwa majina hakuwa akilala, na kwamba kila jina lililosomwa lisiwe lake lilimzidishia khofu badala ya kuipunguza, kwa kuwa aliyekwisha kufika kileleni hana pa kwenda ila chini. Tulicheka. Hatukuwa na la kufanya isipokuwa kucheka.

Katika kijicho hicho wanachuoni wa Kiislamu, Imamu Ghazali miongoni mwao, wameweka mpaka wenye manufaa hata kwa asiye Mwislamu. Husuda ni kutaka neema imwondokee mwenzio. Ghibta ni kuitamani neema mfano wa ile, pasipo kumtakia mwenzio kuondokewa nayo. Hisia ya kupungukiwa ndiyo mama wa zote mbili. Alfred Adler wa Vienna, aliyeishi kati ya 1870 na 1937 na ambaye ndiye aliyeifanya hisia ya uduni kuwa mlango mkuu wa saikolojia yake, alishika njia inayokaribiana na hiyo: kwamba kila binadamu huanza maisha akiwa mdogo kati ya wakubwa, dhaifu kati ya wenye nguvu, na kwamba hisia hiyo ndiyo inayomsukuma kujifunza na kujenga, ila ikizidi, humgeuza mtu akaanza kuzikimbia kazi zote zinazoweza kumfichua. Inasimuliwa kwamba Adler mwenyewe alikuwa dhaifu wa hesabu utotoni hata ikamlazimu kurudia darasa. Kwa hiyo swali la mwalimu lisiwe kama binti ana hisia ya uduni, maana anayo, kama sote. Swali ni kama hisia hiyo inampeleka ubaoni au inamwondoa ubaoni.

Inafaa pia tukumbuke kwamba nchi hii iliwahi kuyafikiria mambo haya kwa upande wa pili. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba elimu ya kuchuja wachache kwa mtihani inapanda kiburi katika wale waliochujwa, wakajiona bora kuliko wazee wao wasiosoma. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 ikakusudiwa kwamba mtihani wa mwisho usiwe mizani ya pekee, na kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa. Khofu ya Mwalimu ilikuwa ni kiburi. Sisi leo, ndani ya shule zile zile za waliochaguliwa, tunakuta unyonge. Sioni kuwa mambo hayo yanapingana. Aliyefundishwa kuwa thamani yake ni nafasi yake, akiwa juu hujivuna na akiwa chini hudhalilika, na mtu mmoja huweza kuwa vyote viwili katika mwaka mmoja, kipanga wa kijijini mwezi wa Desemba na kilaza wa bwenini mwezi wa Juni.

Na Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, liliacha desturi ya kuwataja watahiniwa kumi bora na shule kumi bora. Wengi walinung'unika, hasa wenye shule zilizozoea kujitangaza kwa orodha hiyo. Mimi niliona ni uamuzi wa busara, ijapokuwa umefika nusu ya njia, kwa maana orodha ya kitaifa iliwagusa watoto kumi, na karatasi ya ukutani inamgusa kila mtoto, kila muhula, katika shule ambazo hazitatajwa gazetini.

Basi afanyeje yule binti aliyeketi juu ya tranka? Asiambiwe ajiamini. Neno hilo limekuwa kama kanzu ya kukodi, kila mtu huivaa katika mahafali kisha huirudisha; mtu hawezi kuamini jambo kwa kuamriwa, na binti mwenye akili ataona upesi kwamba anayemwambia ajiamini hajatazama daftari lake. Asikeshe pia, kwa kuwa Clance ameeleza jinsi kujitayarisha kupita kiasi kunavyokula matunda ya ushindi wenyewe: akifaulu atasema ni kukesha tu kulikomwokoa, wala si uwezo, na safari ijayo atalazimika kukesha zaidi. Afanye jambo moja lililo gumu kuliko kukesha, nalo ni kuuliza. Aanze kwa dada wa kidato cha tatu anayelala kitanda cha juu yake, ambaye naye aliwahi kushika mkia, na ambaye huenda bado anayo karatasi yake ya kidato cha kwanza yenye alama thelathini na moja ya fizikia. Sijui dawa iliyo na nguvu kuliko karatasi ya namna hiyo, iliyochakaa, ikitolewa kwenye tranka na mtu anayeheshimiwa.

Mwalimu naye ana sehemu yake, na si kubwa kama anavyodhani. Ampe kila mwanafunzi karatasi yake mkononi, amwonyeshe alama za Machi kando ya alama za Juni, na nafasi, ikiwa ofisi inaitaka, ibaki ofisini. Awasifu kwa jambo walilolifanya, njia waliyoipita katika hesabu, sentensi waliyoiunda, asiwasifu kwa jina la ndege. Na yeye mwenyewe akikosea ubaoni aseme kwamba amekosea, afute, aendelee. Nimewaona walimu mahiri wanaoficha kosa kwa kikohozi, na wanafunzi wao wote wakajifunza kukohoa.

Kuna jambo la mwisho ambalo kwa watu wa Dodoma linahitaji ujasiri wa kulisema. Hospitali ya Mirembe, ambayo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko katika mji huu huu, na jina lake limegeuzwa kuwa mzaha nchi nzima: anayesema jambo lisiloeleweka huambiwa anafaa kupelekwa Mirembe. Mzaha huo una gharama. Huzuni ya binti wa bwenini mara nyingi hupita yenyewe, lakini mara nyingine haipiti. Usingizi unapotea, chakula hakiliki, na mtoto anaanza kusema kwamba heri asingezaliwa. Akifika hapo, nafasi darasani si shauri tena. Matroni na mwalimu wa malezi wasingoje mtihani upite, wamwite mzazi, na daktari aonwe, kama vile angeonwa kwa malaria. Tuache kumtisha mtoto kwa jina la mahali ambapo huenda ndipo penye msaada wake.

Nawe mzazi mwenzangu, Juni utampokea stendi, na tranka likishashushwa kutoka kwenye buti la basi, na salamu zikiisha, neno la kwanza litakalokujia ulimini ni lile tulilolirithi sote: umekuwa wa ngapi? Lizuie. Mfikishe nyumbani, ale, alale. Kesho yake, wakati mnachambua mlenda barazani, mwombe akueleze, kwa Kiswahili au kwa Kigogo, ni vipi jani hilo hujitengenezea chakula chake kwa jua na maji, na usipoelewa mwambie arudie. Nafasi atakutajia mwenyewe, akitaka.